Mwaka wa Kwanza Mbele ya Ubao

Mhadhara kwa wafinalisti wa pedagojia na wakuu wa shule za msingi, Goma



Nimeombwa nizungumze juu ya mwalimu mpya. Hotuba za namna hii tumezizoea: vijana husifiwa, huambiwa kwamba ualimu ni wito, huombewa baraka, kisha watu huenda kunywa soda. Baraka tutaziomba na soda tutakunywa. Lakini leo maneno yangu mengi yatawahusu wakuu wa shule walioketi viti vya mbele kuliko vijana wanaomaliza masomo, walioketi nyuma. Tunamfundisha kijana kutoa somo moja zuri mbele ya watu wazima, halafu tunamkabidhi watoto wa mwaka mzima akiwa peke yake, na aghalabu tunamkabidhi lile darasa ambalo wakongwe wamelikataa. Akilemewa, tunasema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Nianze na mafunzo yenyewe, maana siyadharau. Finalisti aliyeko hapa amekaa miaka minne katika sehemu ya pedagojia. Amesoma saikolojia ya mtoto na didaktiki ya kila somo. Anajua kuandika fishi ya matayarisho yenye safu zake, huku maneno ya mwalimu, huku majibu yanayotarajiwa ya mwanafunzi. Anazijua hatua kwa moyo: marudio, motisha, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari, mazoezi. Anajua kujaza jurnali ya darasa na daftari la alama. Akipata diploma ya Serikali, sheria inamtambua kuwa anafaa kufundisha shule ya msingi. Wengine wataendelea hadi ISP, chuo cha juu cha pedagojia, wafundishe sekondari, lakini shule zetu za msingi zimebebwa zaidi na hawa wenye diploma ya pedagojia.

Kisha kuna staji, yaani mazoezi ya kufundisha. Mnaijua siku hiyo. Fishi imeandikwa mara mbili kwa kalamu ya bluu na nyekundu, imesahihishwa na mwenye darasa, imetiwa sahihi na direkta. Picha imechorwa kwenye karatasi kubwa. Watoto wameonywa tangu jana kwamba kuna wageni. Mwalimu wa didaktiki ameketi nyuma pamoja na wanafunzi wenzako, kila mtu na kalamu yake. Unatoa somo la dakika arobaini hivi juu ya sehemu za mmea, mikono inapaa, unamaliza. Halafu kritiki: tarehe hukuiandika, ubao hukuugawa vizuri, uliwapa watoto mgongo, msichana wa dirishani hukumwuliza hata mara moja. Kritiki hiyo inauma, lakini ina faida. Mtu asiyewahi kuambiwa kwamba anawapa watoto mgongo atawapa mgongo mpaka siku ya pensheni.

Lakini tazameni kinachokosekana. Katika staji unaazima darasa la mtu mwingine. Ule utulivu ulioukuta ulijengwa na mwenye darasa tangu Jumatatu ya kwanza ya Septemba: nani aketi na nani, madaftari yakusanywe vipi, mtoto akitaka kutoka nje afanye nini. Wewe umefika Februari au Machi, umekuta nyumba imeezekwa, umelala usiku mmoja, umesema unajua kujenga. Mwanafunzi wa staji hauoni mwanzo wa mwaka. Na mwanzo wa mwaka ndio unaowaumiza wapya. Mwaka 1984 mtaalamu wa Uholanzi, Simon Veenman, alipitia tafiti 83 zilizofanywa katika nchi mbalimbali juu ya matatizo ya walimu wanaoanza kazi. Tatizo lililoongoza lilikuwa nidhamu ya darasa. Nchi zile nyingi ni tajiri, madarasa yao madogo, vitabu vipo. Hata hivyo kilio ni kilekile cha kijana wa Majengo au Ndosho hapa Goma.

Kuna jambo lingine ambalo staji haiwezi kulifuta. Mmarekani Dan Lortie, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya walimu, alikadiria kwamba kijana wa kule anapomaliza sekondari amekwisha kukaa karibu saa 13,000 pamoja na walimu. Wafinalisti wetu nao wana maelfu yao ya saa. Katika saa hizo mtoto humwona mwalimu akiwa mbele ya ubao tu. Hamwoni usiku anapokuna kichwa kwa sababu robo ya darasa haisomi. Kwa hiyo kijana akibanwa siku ya tatu ya Septemba, hayakumbuki madaftari ya didaktiki. Anamkumbuka mwalimu wake wa darasa la tatu. Kama huyo alikuwa akifoka, naye atafoka. Kama alikuwa na kiboko nyuma ya kabati, atatafuta kabati.

Sasa twende kwenye darasa lenyewe, la hapa, si la kwenye kitabu.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na shule zake vilevile. Zipo shule zilizozikwa na lava tarehe 17 Januari 2002 zikainuliwa upya. Na tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkano ukalipuka tena, familia zikakimbilia Sake na kwingineko kabla mwaka wa shule haujaisha. Kwa sababu hiyo na kwa sababu ya umaskini, watoto wengi wanasomea katika vyumba vya mbao na mabati. Mbao hazizuii sauti. Darasa la jirani likiimba jedwali la kuzidisha, la kwako linasikia kila namba wakati unajaribu kuwasomea hadithi. Na mvua ikianza kupiga mabati, hakuna tena somo la mdomo. Ungepiga kelele hadi koo likauke, dawati la tatu halisikii. Mwalimu mkongwe hapigi kelele. Ana zoezi la mvua. Anageuka, anaandika ubaoni hesabu nane au sentensi za kukamilisha, anapita kati ya madawati akisahihisha kwa kidole. Mvua ikipita, kazi imefanyika. Jambo hili dogo sijaliona katika fishi yoyote ya staji, na mji huu una miezi mingi ya mvua.

Halafu wingi wa watoto. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilichukua hadi Septemba 2019 ndipo Serikali ikaanza kuitekeleza bure hiyo. Nilifurahi na bado nafurahi: watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa minervali, ile karo ya shule, waliingia darasani. Lakini waliingia katika vyumba vilevile, kwa madawati yaleyale. Darasa la watoto 70 au 80 si habari tena. Shule nyingi zina vakasyo mbili, asubuhi na mchana, kwa hiyo hata picha uliyoitundika ukutani unalazimika kuishusha, maana saa saba chumba kinakuwa cha wengine.

Na mwalimu mpya anapewa darasa gani? Hapo ndipo penye kidonda. Anapewa la kwanza. Nimeuliza wakuu wengi kwa nini, na majibu yanafanana. Darasa la sita lina mtihani wa taifa. Shule inahesabiwa kwa matokeo ya la sita. Basi mwalimu hodari lazima awe la sita. La tano linaandaa la sita. Mkongwe ana magoti mabovu, hawezi kuinama kwa watoto wa miaka sita siku nzima. Kinachobaki ni la kwanza, “na kule si ni a, e, i, o, u tu?”

Naomba niseme wazi kwamba sikubaliani. Darasa la kwanza ndilo gumu kuliko yote shuleni. Mtoto hajui kukaa, hajui kushika kalamu, hajui kwamba ile alama inayofanana na kijiti ni sauti. Asiposhika kusoma mwaka huo na ule unaofuata, ataburutwa hadi la nne akinakili ubao bila kujua anachonakili. Mwalimu wa la sita atalaumiwa kwa shimo lililochimbwa miaka mitano kabla.

Tena kuna lugha. Sera yetu inataka mtoto aanze kusoma kwa lugha ya taifa inayosemwa katika mazingira yake, na hapa kwetu ni Kiswahili, kisha Kifaransa kichukue nafasi yake. Kiswahili kina rehema kwa anayeanza kusoma: silabi zake zinasomeka zilivyoandikwa. Lakini finalisti amesoma didaktiki yote kwa Kifaransa. Fishi anaiandika kwa Kifaransa, anasimama mbele ya watoto wanaosema Kiswahili cha Goma, mkononi ana kitabu chenye Kiswahili sanifu, na anatafsiri palepale huku mtoto mmoja analia na mwingine anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto akisema “miye niko nasoma,” amsahihishe au amwache? Mimi nasema katika miezi ya kwanza amwache aseme. Kwanza apende kusema. Kijana wa staji hajawahi kuulizwa swali hilo.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Nataka niwaonyeshe jambo moja la kazi yetu kwa karibu, ili wazazi nao waone kwamba ualimu una siri zake kama ufundi mwingine.

Chukueni daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tatu. Ameandika 42 − 17 = 35. Chini yake, 63 − 28 = 45. Kisha 51 − 36 = 25. Lakini 55 − 21 ameipata: 34. Mwalimu mpya anachora mikwaju mitatu ya wino mwekundu, anampa moja juu ya nne, anaandika “Fanya bidii.” Sasa tazameni tena. Mtoto huyu anafanya bidii, tena bidii kubwa. Ana kanuni aliyojitungia mwenyewe, na anaifuata bila kukosea: katika kila safu toa namba ndogo kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Katika 42 − 17 ameona 2 na 7, akatoa 2 kwenye 7, akapata 5. Ukimwambia arudie, atarudia vilevile. Ukimpiga, atarudia akilia.

Mtoto huyuhuyu jioni anamsaidia mama yake kuuza mandazi. Mwite, mwambie: una noti nne za 1,000 na mbili za 100, unadaiwa 1,700, utalipaje? Hatakwambia 3,500 zimebaki, maana mama angemshangaa. Atakwambia, “Mwalimu, nivunjie kwanza elfu moja.” Ndiyo hiyo! Elfu imevunjwa, mia zimekuwa kumi na mbili. Toa saba, zabaki tano. Elfu zimebaki tatu. Toa moja, zabaki mbili. 2,500. Sasa andika ubaoni 42 − 17 na umwulize ni noti gani itavunjwa. Wengi hushika palepale. Wale wasioshika, wape vijiti, kumi kumi vilivyofungwa kwa uzi, wafungue furushi moja kwa mikono yao.

Kusoma kosa la mtoto namna hiyo si kipaji cha kuzaliwa nacho. Mkongwe akiketi na kijana robo saa tu, wakiwa na madaftari matano mezani, kijana anaondoka na macho mengine. Lakini nani anaketi naye? Mchana shule inabadilisha vakasyo, mkongwe anakimbilia shamba au duka lake dogo kwa sababu mshahara hautoshi, na kijana anabeba rundo la madaftari kwenda nayo nyumbani, akachore mikwaju myekundu chini ya taa ya simu.

Jambo jingine la ufundi ni swali na ukimya. Sisi tunapenda sana kuuliza “Mmeelewa?” Darasa zima linajibu “Tumeelewaaa!” na mwalimu anaendelea mbele akiwa na amani ya bure. Katika miaka ya 1970 mwalimu na mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi akapima mwalimu anangoja muda gani baada ya kuuliza. Alikuta ni kama sekunde moja, kisha mwalimu anamrukia mtoto mwingine au anajijibu mwenyewe. Alipowafundisha walimu wangoje sekunde tatu, majibu yakawa marefu zaidi, waliokuwa kimya wakaanza kunyoosha mkono, na “sijui” zikapungua. Sekunde tatu hazigharimu franka hata moja. Lakini kwa mwalimu mpya aliye mbele ya watoto 70, ukimya wa sekunde tatu unatisha, anadhani darasa linamponyoka. Anahitaji mtu aliyeketi nyuma amwambie baadaye: ngoja, usiogope, walikuwa wanafikiri.

Kuhusu nidhamu nitasema kwa ufupi, maana imesemwa mno na fimbo imetetewa mno. Jacob Kounin, mwaka 1970, aliandika juu ya uchunguzi wake wa madarasa mengi, akitaka kujua mwalimu hodari anakemea vipi. Alikuta kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu. Waliofaulu walikuwa wale wanaoona darasa lote hata wanapomsaidia mtoto mmoja, na wanaotoka zoezi moja kwenda jingine bila pengo la dakika kumi za kutafuta chaki. Fujo huzaliwa katika pengo hilo. Kijana aliyefika kabla ya watoto, ambaye ubao wake umeandikwa na majina ameyashika, hahitaji fimbo. Na asiyejiandaa, fimbo itamsaidia mpaka mapumziko. Nchi hii ina sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Mwalimu anapaswa kuijua kabla hajainua mkono.

Nimetaja majina. Katika mji huu kuita majina asubuhi ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, shule zilifungwa. Zilipofunguliwa mwezi uliofuata, madaftari ya majina hayakulingana na madawati. Kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zilizokuwa na umati wa watu waliokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, zilibaki tupu, na watoto waliokuwa wakisoma karibu nazo wakaondoka na wazazi. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa shangazi kule Himbi au Katoyi, wanakuja shuleni bila bulteni. Kwa hiyo kijana, utakuta katika la tatu mvulana wa miaka 13 amekunja magoti chini ya dawati la mtoto wa miaka minane. Usimwulize mbele ya wenzake baba yuko wapi. Usimwulize kwa nini hana daftari. Mwite pembeni, na kama hataki kusema, mwache. Mpe kazi ya kugawa chaki; mtoto mkubwa akipewa heshima kidogo, anaweza kukusaidia kulishika darasa. Na jina lisiloitikiwa siku tatu mfululizo, mweleze direkta. Usiliwekee tu alama ya kutokuwepo mpaka mwisho wa muhula.

Sasa pesa. Wazazi mnangoja niiguse.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kulipa na walimu wakagoma, wazazi ndio waliobeba shule kwa zile prime, michango yao ya kila mwezi ya kumlipa mwalimu. Lilikuwa jambo la dharura, likakaa karibu miaka 30. Bure ya mwaka 2019 ilikuja kuliondoa katika shule za msingi za umma, na hilo ni haki. Lakini mwalimu mpya haingii kwenye orodha ya malipo siku anayoanza kazi. Lazima apate matrikule, yaani namba yake ya utumishi, ajulikane na DINACOPE, idara inayosimamia malipo ya walimu, ambayo zamani tuliiita SECOPE, na awe mekanize, yaani aingizwe katika orodha hiyo. Kati ya siku ya kwanza darasani na mshahara wa kwanza, wapo waliongoja miaka. Zamani prime iliwashikilia wakingoja; baada ya bure, walio katika shule zisizotambuliwa bado au wasio na matrikule walibaki mikono mitupu. Serikali imewaingiza maelfu tangu wakati huo, bado foleni ipo. Na benki za mjini zilipofunga milango mwaka 2025, hata mwenye matrikule alijikuta anahangaika kuufikia mshahara wake.

Nasema haya ili kijana asidanganywe, na ili mzazi anayemwona mwalimu wa mwanawe akiuza salio la simu kando ya barabara asimcheke. Hata hivyo siamini kwamba kila kitu kinangoja pesa. Huo ndio ubishi wangu na wakuu wengi wa shule. Wananiambia: “Mwalimu, mshahara ukija, mengine yatajipanga.” Hayajipangi. Nchi zilizo na pesa ilibidi ziyapange. Japani ilitunga sheria mwaka 1988, na tangu 1989 mwalimu mpya wa shule ya umma anawekwa mwaka mzima chini ya mwalimu mwenzake aliyeteuliwa kumwongoza. Uingereza tangu Septemba 2021 imefanya muda huo kuwa miaka miwili, na mwalimu mpya anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi mwaka wa kwanza ili apate nafasi ya kujifunza. Wale hawakudhani kwamba diploma inatosha.

Na majirani zetu wametuonyesha nini hutokea haraka inapotangulia. Tanzania, shule za sekondari za kata zilipoongezeka kwa kasi miaka ya 2000, vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi sana wakatumwa darasani. Wananchi wakawabatiza “walimu wa voda fasta.” Jina lile liliwaandama. Baadhi yao wakawa walimu wazuri, kwa juhudi zao na kwa kubebwa na wenzao, lakini walianza kazi huku mtaa unawacheka. Leo Tanzania inasisitiza mafunzo endelevu kazini, walimu wa shule moja wakikutana na kujadili masomo yao. Sisi tunacho chombo hicho miaka mingi: yuniti ya pedagojia, ile ya walimu kukutana, mmoja atoe somo, wengine wakosoe. Katika shule ngapi bado inakutana kwa kweli, na katika ngapi imebaki sahihi kwenye daftari la direkta siku inspekta anapopita? Kila mkuu aliyeketi hapa anajijibu mwenyewe.

Tusijidharau pia. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1960, walimu wa sekondari walikuwa wachache kiasi kwamba Umoja wa Mataifa ulileta wageni, wakiwemo wengi kutoka Haiti, wafundishe vijana wetu. Mwaka 1961 Kinshasa, iliyokuwa ikiitwa Léopoldville, ilianzishwa Taasisi ya Taifa ya Pedagojia ili tujitengenezee walimu wenyewe. Leo ni Chuo Kikuu cha Pedagojia cha Taifa. Vijana walioketi nyuma ya ukumbi huu ni matunda ya uamuzi ule. Tumeshavuka shida ya kukosa walimu wenye diploma. Shida iliyobaki ni ya mlango wa darasa, na mlango huo uko chini ya mamlaka ya direkta, si ya waziri.

Ninyi vijana, neno langu kwenu ni fupi. Mwaka wa kwanza utajishughulisha sana na nafsi yako: wananionaje, sauti yangu inatosha, direkta ananipenda? Ni kawaida, Frances Fuller alikwisha kuliandika hilo mwaka 1969, kwamba mwalimu anayeanza hujiwazia yeye kwanza, na baadaye ndipo humwona mtoto. Jitahidi safari hiyo iwe fupi. Shika majina. Uwe na zoezi la mvua. Soma makosa kabla ya kuyachorea mkwaju. Na nenda ukaombe ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la mkongwe, hata kama hakuna aliyekutuma. Wengi watakukubalia, maana hakuna aliyewahi kuwaheshimu hivyo.

Wakuu wa shule, ombi langu kwenu lina sehemu mbili na zote haziombi bajeti. Siku ya kugawa madarasa, kabla ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwekeni mwalimu wenu bora katika la kwanza, na mtangaze jambo hilo mbele ya wazazi ili wajue ni heshima na si adhabu. Kijana aliyetoka staji mpeni la tatu au la nne, chumba kilicho ubavuni mwa mkongwe mnayemwamini, na mwandikeni mkongwe huyo kwa jina katika daftari la shule kuwa mlezi wake hadi Julai. Mara moja kwa juma waketi pamoja robo saa na madaftari matano ya watoto. Direkta atakayejaribu, aje mwakani katika ukumbi huu na madaftari hayo, tuyafungue hapa mezani mbele ya wazazi.